Dola ishirini yenye mstari mweupe

Swali: Shikamoo mzee. Naongoza watalii hapa Moshi, na bakshishi zetu nyingi huja kwa dola. Noti ambazo duka la kubadilishia fedha limezikataa nimekuwa nikiziweka kando. Kuna dola 20 ya mwaka 2006 yenye mstari mweupe usio na wino, umekatisha wima upande wa kulia, hata muhuri wa kijani umegawanyika. Kuna dola 1 ya 2013 ambayo namba yake inaanza na B04 na kuishia na nyota. Kuna dola 2 ya 1976. Na kuna dola 100 ya 1990, zile za kichwa kidogo, aliyoniachia marehemu baba. Mtandaoni nimesoma kwamba dola 20 yenye stika ya ndizi iliuzwa mamilioni ya shilingi. Je, na mimi nina mali hapa? Niuze wapi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Ya 20 huenda ina kitu. Ya nyota ni nusu ya kitu. Ya 2 na ya 100 ni fedha ya kawaida, ingawa ile ya baba yako isikuumize kichwa, maana nitakueleza namna ya kuipata thamani yake yote. Hakuna kati ya hizo nne itakayokujengea nyumba.

Habari ya stika ya ndizi ni ya kweli, na nitaitumia kukufundisha, kwa sababu ndani yake mna somo lote la noti zilizokosewa. Ila kwanza ujue noti ya Marekani inavyotengenezwa. Asiyejua hilo hawezi kutofautisha kosa la kiwandani na uchafu wa mtaani, na soko la wakusanyaji linalipia kosa la kiwandani peke yake.

Dola zote za karatasi huchapwa na Bureau of Engraving and Printing, ambayo ina viwanda viwili: kimoja Washington, cha pili Fort Worth, Texas, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Noti za Fort Worth utazitambua kwa herufi ndogo FW mbele, pembeni mwa namba ya bamba la kuchapia. Karatasi yenyewe inatoka kampuni ya Crane ya Massachusetts, iliyoshika kazi hiyo tangu 1879. Ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, na ndani yake mna nyuzinyuzi nyekundu na buluu. Noti hazichapwi moja moja. Kwa miaka mingi karatasi moja kubwa imebeba noti 32, na siku hizi kwa baadhi ya noti hubeba 50.

Kazi huenda kwa zamu. Nyuma huchapwa kwanza. Karatasi ikikauka, hugeuzwa na kuchapwa mbele. Zamu zote mbili hutumia bamba la chuma lililochongwa: wino hukaa ndani ya mifereji, na karatasi hukandamizwa kwa nguvu hadi iingie humo na kuuchota. Ndiyo maana dola mpya ukiipitishia kucha begani kwa rais inakwaruza. Zamu ya tatu ni mashine nyingine kabisa, inayogonga namba za kijani na mihuri. Baada ya hapo noti hukatwa. Kwa dola 20 za rangi, zilizoanza kutoka mwaka 2003, kuna zamu moja zaidi inayotangulia zote: kupaka rangi nyepesi za usuli, ile ya kijani na ya pichi unayoiona nyuma ya picha ya Jackson, rais aliye kwenye noti hiyo.

Sasa turudi kwenye ndizi. Noti ile ni dola 20 ya mwaka 1996, ya kiwanda cha Fort Worth. Mwanafunzi mmoja wa chuo huko Ohio aliitoa kwenye mashine ya ATM. Mbele yake imebandikwa stika ya Del Monte, ile ya matunda ya dukani, imeandikwa Ecuador na namba 4011. Mtu yeyote anaweza kubandika stika kwenye dola, hata wewe leo jioni. Kilichoipa noti hiyo thamani ni kwamba picha ya Jackson iko chini ya stika, na muhuri wa kijani na namba viko juu yake. Kwa hiyo stika iliingia baada ya zamu ya pili na kabla ya zamu ya tatu. Wakati huo karatasi haijatoka kiwandani, kwa hiyo hakuna mtu wa nje aliyeweza kuifanya kazi hiyo. Kama ni mfanyakazi aliyetaka mzaha au stika iliyodondoka kutoka kwenye chakula cha mtu, mimi nashuku mzaha, lakini soko halijali. Mwaka 2006 noti hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 25,300. Januari 2021, kwenye mnada wa kampuni ya Heritage, ilifika dola 396,000 pamoja na ada ya mnunuzi. Kwa kiwango cha wakati ule, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 900 za kwetu.

Umeona ilivyo? Swali la kujiuliza kwa kila noti ya ajabu ni moja tu: kosa hili liliingia zamu ya ngapi? Ukipata jibu linalosimama, una noti ya mkusanyaji. Ukilikosa, una noti iliyoharibika, na duka la Moshi lilikuwa na haki ya kuikataa.

Tuipime basi ya kwako. Mstari mweupe wima, ukiwa wa kweli, hutokana na karatasi kuingia mashinani ikiwa imejikunja. Wino hushika sehemu ya nje ya mkunjo, na ile iliyofichika ndani hubaki nyeupe, kama kanga iliyokunjamana kabla ya kupigwa chapa. Mkunjo ukifunguka baadaye, mstari mtupu unatokea. Wakusanyaji wanazipenda sana noti hizi kwa sababu zinaonekana kwa macho bila kuelezewa.

Umeniambia muhuri wa kijani umegawanyika. Hiyo ni dalili njema. Maana yake mkunjo ulikuwapo bado kwenye zamu ya tatu. Kama ungeona muhuri umepita mzima juu ya sehemu nyeupe, tungesema mkunjo ulifunguka kabla ya zamu hiyo, nalo ni kosa halali, ila dogo zaidi. Kisha angalia rangi za usuli. Kama na zenyewe zimekatika mahali palepale, karatasi ilikuwa imekunjika tangu mwanzo. Kama rangi nyepesi zinapita na ni mistari myeusi tu iliyokosekana, mkunjo ulitokea katikati ya safari. Geuza pia nyuma: mstari ukiwa mbele tu, wakati nyuma ni nzima, basi karatasi ilijikunja baada ya nyuma kuchapwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni rula. Dola ya kawaida ina urefu wa milimita 156 na kimo cha milimita 66. Mkunjo ukidumu hadi kwenye kisu, noti hukatwa kwa kipimo cha kawaida ikiwa bado imekunjika, na ukiifungua inakuwa ndefu kuliko wenzake kwa takriban upana wa ule mstari mweupe. Ilaze juu ya dola nyingine ya kawaida. Ikizidi, mwenye kuighushi angelazimika kuongeza karatasi, na hilo haliwezekani. Ikilingana, usikate tamaa, maana mkunjo huenda ulifunguka kabla ya kukatwa. Ila hapo itabidi tuchunguze zaidi.

Uchunguzi wenyewe ni wa kioo cha kukuzia. Wapo wanaofuta wino kwa kifutio au kuubandua kwa utepe wa gundi, kisha wanauza kama kosa. Palipofutwa, karatasi huwa na manyoya, na mabaki ya wino hubaki kwenye mashimo madogo. Kwenye mkunjo wa kweli, sehemu nyeupe ni laini, kingo za wino zimekatika safi, na zile nyuzinyuzi nyekundu na buluu bado zimelala ndani yake bila kuguswa. Na mara nyingi kovu la mkunjo lenyewe linaonekana pembeni ya mstari.

Ikipita vipimo hivyo, bei yake tusiikuze. Mkunjo mwembamba kwenye noti iliyotumika huleta makumi ya dola juu ya zile ishirini. Ukiwa mpana, umepita uso wa Jackson au namba, na noti haijachakaa, unaweza kuvuka mia na kuendelea. Wanaokuambia maelfu wanataka ubofye kiungo chao.

Nyota sasa. Karatasi ikiharibika kiwandani, huondolewa na nafasi yake huchukuliwa na nyingine yenye namba za akiba, zinazoishia na nyota. Utaratibu huo una zaidi ya miaka mia, ulianza 1910. Kwa hiyo nyota si kosa, ni dawa ya kosa. Nyota za miaka ya karibuni ni nyingi mno, mara nyingi huchapwa hadi noti milioni 3.2 kwa mkupuo mmoja. Wakusanyaji wanatafuta zile za mikupuo midogo, ya noti 640,000 au pungufu, na kiwanda hutangaza idadi zake kila mwezi, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Ya kwako lakini ina kisa chake. Dola 1 ya mwaka 2013, yenye herufi B, ambayo ni alama ya benki ya New York, na yenye nyota: viwanda vyote viwili, Washington na Fort Worth, vilichapa namba zilezile. Ni kuanzia B00000001 hadi B00250000, na tena kuanzia B03200001 hadi B09600000, zote zenye nyota. Namba inayoanza na B04 imo ndani. Kwa hiyo mahali fulani duniani iliwahi kuwapo pacha yake yenye namba ileile, moja ina FW na nyingine haina. Zikikutana, jozi hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Ikiwa peke yake na imechakaa, noti moja inazidi thamani yake kwa dola chache tu, kwa sababu zilizobaki ni nyingi na kila mtu anaisubiri pacha. Wakusanyaji wamejenga daftari za mtandaoni za kuandikisha namba hizi, na kuna jozi zilizokwisha kupatikana kwa njia hiyo. Andikisha namba yako, iweke noti mahali pakavu, uendelee na shughuli zako. Pacha yake inaweza kuwa ilikwisha rudishwa benki na kusagwa zamani.

Dola 2 ya 1976 ni ugonjwa wa mtandaoni. Ilirudishwa sokoni tarehe 13 Aprili 1976, siku ya kuzaliwa ya Jefferson, rais aliye kwenye noti hiyo, baada ya kusimama kwa miaka kadhaa, na Wamarekani wakaifungia makabatini wakidhani itakuwa adimu. Ndiyo maana haikuwa adimu. Iliyotumika ni dola mbili. Ikiwa na nyota, au ikiwa mpya kabisa na namba ya ajabu, tuzungumze.

Ile ya marehemu baba. Hapa Tanzania mnajua wenyewe kwamba dola za kabla ya 2006 hukataliwa au hununuliwa kwa bei ya chini, na ndugu zetu wa Goma na Lubumbashi wana balaa jingine, kwamba dola ikichanika hata kidogo tu haipokelewi sokoni. Hayo ni mazoea ya huku kwetu. Kwa sheria ya Marekani, fedha yote ya serikali yao iliyotolewa tangu 1861 bado ni halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Dola 100 ya 1990 ina uzi wa usalama ndani ya karatasi. Inyanyue kwenye mwanga uusome: umeandikwa USA 100. Ukiuona, mpe mtu unayemwamini anayesafiri kwenda Marekani aibadilishe benki huko, au mteja wako wa mlimani akubadilishie kwa noti mpya. Usikubali kukatwa.

Kwa kuwa dola zinapita mikononi mwako kila msimu, nikupe vitu vya kuangalia. Cha kwanza, linganisha namba ya kushoto na ya kulia. Hakuna anayelifanya hili, na ndiyo sababu bado zinapatikana. Kila namba hugongwa na magurudumu yake madogo yanayozunguka. Gurudumu moja likikwama, noti hutoka na namba mbili zisizofanana, na hiyo ina bei nzuri. Cha pili, picha ya mbele ikionekana nyuma lakini imegeuka kama kwenye kioo, ni wino ulioachwa kwenye roli ya mashine baada ya karatasi moja kukosa kupita, ukahamia kwenye karatasi iliyofuata. Isipogeuka, shuku. Cha tatu, dola 1 za mwaka 1988A, 1993 na 1995: baadhi zilichapwa kwa mashine ya majaribio iliyotumia karatasi ya roli ndefu. Mbele, namba ya bamba haina herufi jirani, na nyuma, namba ya bamba imehamia upande wa kulia wa maneno IN GOD WE TRUST. Watu wanazitumia kununulia soda bila kujua. Kilele cha makosa yote ni noti yenye thamani moja mbele na nyingine nyuma, ambapo karatasi iliyochapwa nyuma ya dola 10 imeingia kwenye bamba la mbele la dola 5 au 20. Mimi sijawahi kuipata mtaani, na sidhani utaipata, lakini geuza tu.

Kuhusu mihuri ya rangi nyingine, hapo nakuomba uwe makini. Kijani ni buluu na njano zilizochanganyika. Noti ikifuliwa mfukoni na dawa ya kung'arisha nguo, au ikikaa juani muda mrefu, rangi moja huondoka na muhuri kubaki wa buluu au wa manjano. Hilo si kosa. Muhuri wa manjano wa kweli upo, na una historia inayogusa bara letu: mwaka 1942 majeshi ya Marekani yalipoingia Afrika Kaskazini, askari walilipwa kwa noti maalumu za dola 1, 5 na 10 zenye muhuri wa manjano na namba za buluu. Kama Wajerumani wangeziteka, Marekani ingezifuta zote kwa tamko moja. Hawaii nako, baada ya Wajapani kuishambulia bandari ya Pearl Harbor, zilitolewa noti zenye muhuri wa kahawia na jina HAWAII kwa herufi kubwa nyuma. Hizo zote ni za mwaka 1934 au 1935 na picha zake ni za zamani. Kwa hiyo dola ya 2009 yenye muhuri wa manjano imetoka kwa dobi.

Vimihuri vidogo vya wino, nyota au herufi zilizogongwa pembeni, navyo si kosa. Ni alama za wabadilisha fedha wa huku kwetu, wa Asia na nchi za Kiarabu, za kuonyesha kwamba noti imekaguliwa. Zinashusha bei.

Na kwa kuwa umeanza kuulizia habari hizi, watakuja watu. Atakuja mwenye dola 100,000 yenye picha ya Woodrow Wilson. Noti hiyo ilikuwapo kweli, ya 1934, lakini ilitumika baina ya benki za Federal Reserve tu, yaani benki kuu ya Marekani, na mtu binafsi haruhusiwi kuimiliki, kwa hiyo inayouzwa ni ya uongo au ya wizi. Atakuja mwenye sanduku la dola za 1934 zilizofichwa na mzungu wa zamani. Atakuja wa wash wash na makaratasi yake meusi. Noti kubwa halali za watu binafsi ziliishia dola 10,000. Zilichapwa mara ya mwisho 1945 na kusitishwa rasmi 1969, na wanaozimiliki hawazitembezi Soko la Mbuyuni.

Kuuza. Kwanza, usiisafishe, usiibandike utepe, na kwa hisani yako usiipige pasi. Najua mnazipiga pasi ili duka lizikubali. Pasi inalaza ule mwinuko wa wino na kovu la mkunjo, yaani inafuta ushahidi wako. Iweke kwenye mfuko wa plastiki ngumu ya poliesta, si ile laini yenye harufu, ambayo hutoa kemikali na kuila karatasi. Kampuni kama PMG na PCGS hukagua noti, huzipa daraja hadi 70 na kuzifunga kwenye kifuko chenye cheti. Huko ng'ambo mnunuzi wa mbali hataki maneno, anataka kifuko hicho. Lakini ada ya kukaguliwa pamoja na usafirishaji inaweza kumeza faida yote ya noti ndogo, na posta nyingi haziruhusu fedha taslimu kwenye barua ya kawaida. Kwa noti kama yako, ningepiga picha mbele na nyuma, moja kwa mwanga wa kawaida na nyingine mwanga ukitokea ubavuni ili mkunjo utoe kivuli, kisha ningewaonyesha wauzaji wawili au watatu wa noti zenye makosa kabla ya kulipa senti kwa mtu yeyote. Anayekuomba ada ya kukadiria kwanza, mwache.

Niandikie tena ukishapima: urefu wa ile ishirini kwa milimita, kama mstari unaonekana nyuma pia, na kama rangi ya pichi inapita ndani yake au imekatika. Kwa mambo hayo matatu nitakuambia ilikunjika zamu ya ngapi, na kama inafaa kulipiwa ada ya PMG.